Tupeane uzoefu: hela ya tiba kwa vitendo (OT) mnaitoa wapi?

Mama K wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, huyu mtaalamu wa tiba kwa vitendo anamsaidia kweli, kijiko sasa hivi anashika mwenyewe maana wamekizungushia tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye mpini kikawa kinene kinajaa mkononi. Ila kila kliniki ni hela, bajaji ni hela, daladala na mtoto mzito vile wanakupita kituoni kama hawakuoni. Enzi za Toto Afya, ile bima ya watoto, tulikuwa tunalipa 50,400 kwa mwaka tunapumua, 2023 wakasimamisha kusajili mtoto mmoja mmoja, tukaambiwa waandikishwe kupitia shule, sasa wangu shule yenyewe imemkataa. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Kahawa: Pole dada. Baba yake si anakatwa NHIF, bima ya afya ya taifa, kazini? Asilimia 3 yake, 3 ya mwajiri, mtoto anaingia kama mtegemezi, kitu bure kabisa.

Mama K wa Mbagala: Baba yake bodaboda mkuu. Mwajiri abiria?

Mzee wa Kahawa: 😂😂 yaishe.

Chuma Chakavu: Si mazoezi tu hayo jamani. Mpeleke ufukweni mfukie mchangani mpaka kiunoni, kwetu walifukiwa wote na wametembea.

OT Kijijini: Chuma, hii ndio kazi yangu, nimesomea pale KCMC Moshi, acha kupotosha watu. Kwanza mazoezi ya viungo ni fizio, sisi tunahangaika na kula, kuvaa, kuoga, kushika kalamu. Mama K, hospitali ya serikali pita ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha wa malipo KABLA ya dirisha la malipo, uwe na barua ya serikali ya mtaa, ukishalipa ndio imetoka hiyo. Halafu mwambie mtaalamu akupe kazi za kufanya nyumbani, kliniki mje kwa nafasi.

Chuma Chakavu: Sawa daktari.

OT Kijijini: Sio daktari. Soma.

Fundi Roller: Mmenitonesha. Mimi kiwandani roller ilinivuta mkono wa kulia, glavu ndio iliyoanza kuingia, vidole vikafuata, mwenzangu anatafuta swichi na swichi iko upande wa pili wa mashine. Bosi akanilipia kushonwa akanipa na bahasha akasema pumzika kijana, mimi namwona mtu mwema kweli. Kidonda kimepona mkono hauna kazi, kifungo cha shati ananifunga mke wangu asubuhi kama mtoto wa chekechea, na hospitali wananiambia nahitaji OT muda mrefu, kila ukienda unatoa hela yako, nikauza pikipiki. Siku niko benchi pale mzee mmoja ananiuliza umeumia kazini, nikasema ndio, akaniuliza sasa unalipa wewe kwa nini, WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wanafanya nini? Kumbe ule mfuko anachangia mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata mia, na ndani yake kuna matibabu, kuna huduma za utengamao, kuna fidia. Bosi taarifa hakupeleka, alikuwa ananizungusha tu na bahasha zake. Nikaenda mwenyewe na karatasi zote za hospitali. Wanangu mkiumia kazini peleka taarifa mapema, ukipitisha miezi 12 imekula kwako.

Zuhura Tena: 👆👆 wengi hatujui hili

Binti Makambako: Afadhali wewe ulidhulumiwa na bosi. Baba yetu alipata kiharusi, ukoo ukafungua grupu, michango ikaingia vizuri, mweka hazina baba mdogo. Kila wiki anapost risiti ya therapi, tunashukuru, tunatuma tena. Siku nafika bila taarifa namkuta baba ukumbini anakandwa na mzee wa mafuta ya kondoo, ndiye "mtaalamu", na risiti anaandika baba mdogo mwenyewe kwa mwandiko wake. Nje kuna bati jipya nyumba nzima, la kwake.

Chuma Chakavu: Bati rangi gani 😂

Zuhura Tena: Eeeh na ukoo ukasemaje??

Binti Makambako: Bluu. Bibi akasema tumsamehe, damu ni damu. Mimi nikatoka kwenye grupu.

Mzee wa Kahawa: Mzee wako ni 60+ si angetibiwa kwa msamaha wa wazee? Mnachangisha nini?

Binti Makambako: Alikuwa na 54. Na wewe kila kitu kwako bure.

Dalali Mstaafu: Mama K, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha, 2 ni ya watu wenye ulemavu. Haina riba.

OT Kijijini: Ule ni mkopo wa biashara, unarudishwa. Sio hela ya kliniki.

Dalali Mstaafu: Biashara si ndio inalipa kliniki? Auze hata maandazi.

Mama K wa Mbagala: Nikiuza maandazi mtoto anabaki na nani kaka? Kesho naanza na huo ustawi wa jamii, barua ya mtaa najua mjumbe atataka ya soda.

Mtoto wa Unguja: Fundi, samahani, hiyo WCF na sisi huku ipo? Shemeji yangu kaanguka hotelini kazini.

Fundi Roller: Ile ni ya Bara ndugu yangu. Huko aanzie kamisheni ya kazi, na aende na cheti cha hospitali, asiende mikono mitupu.