Hoteli ya ufukweni Réunion: upande gani wa kisiwa unafaa kwa watoto na mama mzee?

MamaZuhura ameuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Familia yetu imekubaliana kwenda kupumzika Réunion, kisiwa cha Ufaransa kilicho Bahari ya Hindi, mwezi Agosti, na kazi ya kutafuta hoteli nimekabidhiwa mimi. Tutakuwa mimi na mume wangu, watoto wetu wawili ambao bado hawajawa waogeleaji wazuri, na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Nimepitia matangazo mengi, na karibu kila hoteli inajisifu kuwa iko kando ya bahari. Nikitazama ramani, naona nyingine ziko Saint-Gilles, nyingine Étang-Salé, nyingine Saint-Pierre, na iliyo nafuu kuliko zote iko mashariki, karibu na Sainte-Rose. Nimesikia pia habari za papa, nazo zimenitia hofu. Mume wangu naye hataki kuondoka kisiwani bila kuiona volkeno ya Piton de la Fournaise. Je, nianze kwa kutazama nini ili nisije nikalipia bahari ambayo watoto hawawezi hata kuigusa?

Kusi amejibu:

Dada, kabla hujalinganisha vyumba na mabwawa ya kuogelea, tafuta kwanza mwamba wa matumbawe uko wapi, kwa sababu huo ndio utakaoamua kama likizo ya watoto itakuwa majini au kwenye viti vya baraza. Kisiwa hiki ni sehemu ya juu tu ya mlima mkubwa wa volkeno unaoanzia chini kabisa ya bahari, na miteremko yake huzama kwenye kilindi hatua chache kutoka nchi kavu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya pwani yake ni majabali meusi na mawe ya mviringo, na matumbawe yamepata kuota kwa wingi upande wa magharibi, pamoja na vipande vidogo kusini. Penye mwamba, mawimbi huvunjika nje na maji ya ndani hutulia. Pasipo na mwamba, bahari huja na nguvu zake zote hadi ufukweni.

Habari za papa ulizozisikia ni za kweli na hazifai kupuuzwa. Kuanzia mwaka 2011 kulitokea mfululizo wa mashambulizi, baadhi yake yakiua watu, na mwaka 2013 mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani alipiga marufuku kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi isipokuwa ndani ya mwamba na katika maeneo maalumu yenye uangalizi. Kwa hiyo hoteli inaweza kuwa na picha nzuri mno ya bahari, na bahari hiyo ikawa ya kutazamwa tu.

Kwa familia kama yako, ningetazama L'Hermitage na La Saline-les-Bains, kusini kidogo ya mji wa Saint-Gilles. Hapo mchanga ni mweupe, kwa kuwa umetokana na matumbawe na si na mawe ya volkeno, na nyuma yake kuna mivinje inayotoa kivuli ambacho mama mkwe wako atakishukuru. Maji mahali pengi hayamzidi mtu mzima kiuno au kifua. Mtoto akivaa miwani ya kuzamia na kuinamisha uso tu, ataona samaki wakipita kati ya matumbawe karibu na miguu yake. Wala bahari ya huko haipwi na kujaa kwa tofauti kubwa kama pwani ya Afrika Mashariki, hivyo hamtahitaji kupanga siku yenu kwa kufuata bamvua.

Jambo moja nalisisitiza. Maji yanayovuka mwamba na kuingia ndani lazima yapate pa kutokea, nayo hutokea kwenye mlango ulio katikati ya mwamba, kwa mkondo wenye nguvu. Mlango wa L'Hermitage unajulikana kwa hatari hiyo, hasa siku ambazo mawimbi makubwa ya kusini yanapiga nje, na mawimbi hayo huja zaidi katika miezi ya baridi mnayokwendea. Waambieni watoto wacheze mbali nao, na mkae karibu na kituo cha waokoaji.

Mwanamvua amejibu:

Nakubaliana na Kusi, nami naongeza suala la upepo na mvua, ambalo matangazo ya hoteli hayalitaji. Upepo wa kusi-mashariki huvuma karibu mwaka mzima, hukutana na milima inayofika mita 3,071 pale Piton des Neiges na kushusha mvua yake upande wa mashariki, na upande wa magharibi hubaki mkavu. Hoteli ya Sainte-Rose ni nafuu kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu hakuna ufuko wa kuogelea wa maana. Nendeni huko kwa siku moja tu, mkaone kanisa ambalo lava ya mwaka 1977 ililizunguka na kusimama mlangoni, halafu mwendelee kusini hadi Grand Brûlé, ambako barabara inapita juu ya lava iliyoganda.

Saint-Pierre ina kipande chake cha mwamba na ufuko ulio mjini kabisa, jambo linalowafaa wanaopenda kutembea kwa miguu hadi sokoni na kwenye migahawa. Hata hivyo, mwezi Agosti upepo huwa mkali pale, na mama mzee aliyekaa ufukweni atachoka upesi. Étang-Salé ina mchanga mweusi wa volkeno, mzuri sana kuutazama, lakini adhuhuri unaunguza nyayo, kwa hiyo watoto wasitembee bila viatu.

Kuhusu vimbunga msiwe na wasiwasi. Msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Kimbunga Belal kilipiga Januari 2024, na kimbunga Garance Februari 2025.

MamaZuhura amejibu:

Nawashukuru sana, mmenifumbua macho. Sasa nimeiacha ile ya Sainte-Rose na nimebaki na mbili za L'Hermitage. Je, tukikaa magharibi, safari ya volkeno haitakuwa ndefu mno kwa mama?

Mpanda Mlima amejibu:

Dada, kutoka L'Hermitage hadi Pas de Bellecombe, ukingo ambao volkeno huonekana vizuri, hesabu kama saa mbili kwa gari, kukiwa hakuna msongamano barabarani. Ondokeni kabla ya alfajiri, kwa maana kufikia katikati ya asubuhi mawingu hupanda na kufunika kila kitu. Mama hana haja ya kushuka mlimani, kwani pale juu, kwenye mita zipatazo 2,300, mandhari yanaonekana karibu kabisa na maegesho. Chukueni makoti mazito na kofia, kwa sababu asubuhi ya Agosti baridi hukaribia kugandisha maji. Iwapo volkeno italipuka wakati mkiwa kisiwani, njia ya kushukia ndani ya bonde la volkeno hufungwa, na mtaelekezwa mahali pa kutazamia kwa usalama.

Kati ya hizo hoteli mbili, waandikie wote na uwaulize mambo mahususi: kama kuna barabara ya magari kati ya hoteli na ufuko, kama chumba cha mama kitakuwa chini au kuna lifti, na kama ufuko ulio mbele yao una waokoaji. Wakikujibu kwa kukutumia picha za machweo badala ya majibu, hamia kwa mwenzao. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa likizo za shule za kisiwani na za Ufaransa hukutana Julai na nusu ya kwanza ya Agosti na vyumba huisha. Mkiweza kusogeza safari hadi mwishoni mwa Agosti, mtapata nafasi zaidi, na nyangumi watakuwa bado wanaonekana kutoka ufukweni.

Kusi amejibu:

Naongeza la hati za kusafiria. Réunion ni sehemu ya Ufaransa na fedha yake ni euro, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo anayehitaji viza asidhani kwamba ya Schengen inamtosha. Ombeni viza inayotaja Réunion waziwazi, na msilipie hoteli fedha zisizorudishwa kabla hamjaipata.