Ujerumani: kula Mensa au kujipikia? Na mazoezi, michezo ya chuo au gym ya mtaani?

Mgeni_Oktoba: Wakuu, naenda kusoma masters Ujerumani, naanza Oktoba. Kipi kina unafuu na afya: kula kantini ya chuo (Mensa) kila siku au kujipikia? Na gym nichukue ya chuo au ya mtaani? Nataka niamue kabla sijafunga begi.

Mwiko_Mkavu: Hujasema kitu hapo, mkuu. Mji gani? Jiko la chumbani ni la kioo la kawaida au induksheni (linalopasha sufuria kwa sumaku)? Unakula nguruwe? Unataka kupungua au kujaza misuli? Unaishi kwa Sperrkonto (akaunti ya akiba ya viza, unayotoa kiasi maalumu kila mwezi) ya yuro 992 kwa mwezi au una ufadhili?

Dada_wa_Baridi: Akitafuta majibu, niseme hivi: mchana Mensa, jioni pika. Mwanafunzi mwenye kadi hulipa kama yuro 2 hadi 5 kwa sahani. Asiye na kadi hulipa zaidi. Ila Mensa nyingi hufunga wikendi, na Jumapili supamaketi nazo zimefungwa. Usiponunua Jumamosi, utalala na mkate. Halafu soma vile vifupisho chini ya jina la chakula: vinaonyesha nguruwe, pombe, maziwa, karanga. Mchuzi wa ng'ombe unaweza kuwa umetiwa divai.

Mwiko_Mkavu: Mensa hakuna ugali, mjadala umeisha 😂 Unga mweupe uko maduka ya Kiafrika, bei imechangamka. Maisgrieß ya supamaketi ni chenga za njano za mahindi. Ukizisonga kama sembe unatafuna mchanga. Loweka gramu 400 kwenye nusu lita ya maji baridi kwa dakika 20, chemsha nusu lita nyingine, changanya, acha uji utokote dakika 10 ukiukoroga, ndipo usonge. Na kama jiko ni induksheni, sufuria ya alumini uliyotoka nayo nyumbani haipati moto kabisa. Ijaribu kwa sumaku: isiponata kitakoni, iache.

Kilo_Tano: Huo si ugali, ni uji uliokasirika. Turudi kwenye gym, huko ndiko watu wanaumia. Anachofanya mgeni ni kuona "mwezi wa kwanza bure", anasaini mtandaoni bila kuona kwamba ni miezi 24 kwa yuro 25. Mwezi wa 7 anapata mafunzo kazini mji mwingine. Anaandika barua ya kujitoa, anakataliwa: mahakama kuu ya Ujerumani iliamua mwaka 2016 kwamba kuhama mji peke yake hakuvunji mkataba wa gym. Anazuia makato benki. Hapo ndipo anapojichimbia: anadaiwa faini ya makato yaliyorudi, kisha barua za wakusanya madeni, na akiendelea kukaa kimya deni linaweza kuingia Schufa, rekodi ya madeni ya watu, ambayo mwenye nyumba huiangalia kabla ya kukupangisha. Miezi 17 iliyobaki mara 25 ni yuro 425, hizo gharama za barua bado. Kwa mikataba ya kuanzia tarehe 1 Machi 2022, muda wa mwanzo ukiisha unatoka kwa notisi ya mwezi mmoja, lakini huo muda wa mwanzo bado unaweza kuwa miaka miwili. Chukua Hochschulsport, yaani michezo ya chuo, unalipa kwa muhula. Siku usajili unapofunguliwa kaa macho, kozi zinazopendwa hujaa upesi mno.

Mgeni_Oktoba: Asanteni. Mji ni Leipzig, nguruwe sili, nataka kuongeza mwili. Jiko sijui.

Kilo_Tano: Basi Magerquark, jibini laini ya maziwa yaliyotolewa mafuta. Kopo la gramu 500 lina protini kama gramu 60 na mafuta karibu hakuna. Achana na poda ya protini.

Dada_wa_Baridi: Kaka, wengi wetu laktosi haitukai tumboni, utampeleka chooni kabla ya gym. Iko quark isiyo na laktosi, au ale dengu na maharage. Maharage mekundu yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10. Sumu yake haifi kwa moto mdogo. Nyama ya halali na nafaka, nenda mtaa wa Eisenbahnstraße. Na kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi ngozi kutengeneza vitamini D. Jumuiya ya lishe ya Ujerumani inataja mikrogramu 20 kwa siku, yaani IU 800.

Pwani_Kavu: Abebe mchicha wake tu.

Mwiko_Mkavu: Utachukuliwa uwanja wa ndege. Mboga mbichi inataka cheti cha afya ya mimea; zilizosamehewa ni ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Nyama na maziwa ndiyo kabisa, hata nyama kavu. Anunue Grünkohl, ni ndugu yake sukuma.

Pwani_Kavu: Ndugu wa kambo. Inataka moto mrefu.

Mwiko_Mkavu: Katakata nyembamba, toa vile vishina.

Mgeni_Oktoba: Mwiko je, unapita kwenye begi la mkononi?

Kilo_Tano: Weka kwenye begi kubwa. Ukaulize na lile jiko.