Ushauri: nimebishana kuhusu rada za ndege za kivita, jioni tunamaliziana

Kibuti_2: Wakuu msaada wa haraka. Nimebishana na jamaa kijiweni, mimi nasema rada ya ndege ya kivita ukiiongezea moduli (vile vifaa vidogo vya kurusha na kupokea mawimbi) mara mbili inaona mbali mara mbili, yeye anakataa kabisa. F-22 ya Wamarekani inatajwa kuwa na moduli karibu 2,000, Rafale ya Wafaransa zimezidi 800 kidogo. Nani yuko sahihi?

Mama Salmini: Mwanangu tafuta kazi, hizo ndege zenyewe huna.

fundi_antena: Umechemka mkuu. Moduli zinapangwa kwa nusu ya urefu wa wimbi, kwenye gigahezi 10 ni kama sentimita 1.5, kwahiyo ukidabo idadi na sahani ya antena inadabo eneo. Nguvu ya kutuma mara 2, mwale unakuwa mwembamba unakoleza mara 2, eneo la kupokea mara 2, ukizidisha zote ni mara 8. Ila mwangwi unafifia vibaya, kuona mbali mara mbili unahitaji mara 16. Kwa hiyo mara 8 unaambulia mzizi wake wa nne, umbali mara 1.68.

Kibuti_2: Na nikiweka moduli za galiamu naitraidi, ile malighafi mpya ya chipu? Si zina nguvu zaidi?

fundi_antena: Sahani ileile, nguvu pekee ikidabo, unapata umbali mara 1.19. Na joto lake lazima ulipoze kwa kimiminika. Rafale shida yake ni pua nyembamba, Typhoon, ndege ya kivita ya Ulaya, pua pana ila rada yake ya moduli ilichelewa mno, Kuwait ndo walianza kupokea ndege zenye hiyo rada 2021 wakati Wafaransa walishatangulia miaka kibao.

Dereva Mstaafu: Mimi nilipoteza redio kwa kubishia Yanga, tena redio nzuri ya mbao, mke hakuongea na mimi wiki nzima.

Mkazi wa Kimara: Mbona una presha hivyo? Umeweka shilingi ngapi?

Kibuti_2: Sio hela.

Mkazi wa Kimara: Nini sasa?

Kibuti_2: Bodaboda. Ya bro. Yuko safari, na hata hivyo haitumii sana, kadi nilishampa muuza chipsi atushikie. Halafu 1.68 ukiikadiria si ni 2?

Sultani wa Buza: Chai hii. Kijiwe gani wanahesabu moduli za F-22? Weka picha ya kadi.

Dereva Mstaafu: Chai ya tangawizi kabisa 😂

Mama Salmini: Mimi naomba namba ya huyo bro.

Kibuti_2: Kadi si nimesema anayo muuza chipsi? Mtu anijibu tu kama kukadiria kunaruhusiwa.