Nilipokabwa niliganda: nijiandae vipi, akili na mwili?

MchuuziWaDagaa:
Habari zenu ndugu. Mimi ni mama wa miaka 34, ninanunua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ili niwahi mzigo mzuri inanilazimu kutoka nyumbani Kitangiri kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nikiteremka kwa kichochoro kinachopita katikati ya mawe. Miezi miwili iliyopita vijana wawili walinizuia hapo, mmoja akiwa na panga. Fedha zilizokwenda nimeshazisahau. Kinachonisumbua ni kwamba sikupiga kelele, sikukimbia, wala sikuweza hata kuuvua mkoba begani. Nilisimama kama gogo mpaka wakaunyofoa wenyewe. Baada ya hapo nilijiunga na kikundi cha karate, na mwalimu huzisifu ngumi zangu, lakini moyoni najua kwamba nikiliona panga tena zitayeyuka. Je, mtu hujiandaaje ili asigande?

MuuguziWaZamu:
Pole sana dada. Kwanza ondoa neno uoga katika hesabu zako. Hofu ya ghafla inapoingia, mwili humwaga adrenalini, moyo hudunda kwa kasi, macho huona kitu kimoja tu (kwako bila shaka lilikuwa panga), masikio huwa kama yamezibwa, na vidole hupoteza ustadi wa kazi ndogondogo kama kufungua kifungo. Ndiyo maana mkoba ulikushinda kuuvua. Akili nayo ilikuwa inatafuta la kufanya kati ya mambo mengi ambayo hukuwahi kuyaamua. Mwaka 1952 Mwingereza William Hick alionyesha kwamba kadiri machaguo yanavyoongezeka ndivyo mtu anavyochelewa kuitikia, na hapo hatuzungumzii panga, bali taa tu za maabara. Kwa hiyo amua leo, ukiwa umekaa na chai yako: wakitaka mkoba, nitautupa upande mmoja na kukimbilia upande wa pili, wakitaka kunivuta kwenda mahali pengine, nitapigana kwa kila nilicho nacho. Maamuzi mawili yanatosha. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, yapitishe akilini kama mtu anayeiona njia, jiwe kwa jiwe. Ukihisi moyo unakwenda mbio, vuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole zaidi kuliko ulivyoivuta.

JudoNyegezi:
Nakubaliana na muuguzi, ila mwili nao una haki yake. Ninafundisha judo, mchezo ulioasisiwa na Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882, na somo la kwanza si kumwangusha mtu, bali ni kuanguka bila kuvunjika. Katika njia ya mawe kama yako, kujua kuanguka na kuinuka upesi kuna thamani kuliko mateke kumi. Mazoezi yako, dada, yana kasoro moja: unayafanya ukiwa umepumzika, peku, kwenye sakafu safi. Jaribu kupanda ngazi mbio hadi upumue kwa shida, kisha papo hapo mwenzako akushike mkono nawe ujichomoe kwa kuuzungusha kuelekea upande wa kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Vaa kanga na kandambili zako za Mwaloni. Ukigundua kuwa huwezi kukimbia nazo, umejifunza jambo ambalo karate isingekwambia.

Kuhusu panga, usidanganywe na mtu yeyote anayefundisha kulinyang'anya kwa mikono mitupu. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu huweza kuvuka futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ni umbali wa kutoka kibandani hadi barabarani. Macho yako yafanye kazi mapema, kabla mikono haijahitajika.

MzeeWaLindo:
Binti yangu, sisi tuliokulia Usukumani wakati wa sungusungu tulifundishwa kwamba mtu hajilindi peke yake. Ulipopigwa mwano, yaani yowe la kuomba msaada, kijiji kizima kilitoka. Kwa nini unateremka peke yako? Hakuna wachuuzi wengine Kitangiri? Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na waliotangulia: mmezungumzia mikono na akili yake, lakini hakuna aliyemuuliza juu ya majirani. Nunua filimbi, ivae shingoni, na waambie watu wa njia hiyo maana ya mlio wake. Ila usipige kelele za "mwizi". Umati hauulizi maswali, na anayeuawa huenda ni kijana aliyekuwa akikimbilia kukusaidia.

Sheria pia uijue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujilinda, lakini nguvu unayotumia iendane na hatari iliyopo. Ukimfuata anayekimbia na kumpiga jiwe kisogoni, kesi inaweza kukugeukia. Na ukijeruhiwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kituoni mapema, maana bila hiyo ushahidi wako hupungua nguvu.

MchuuziWaDagaa:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Wachuuzi wenzangu wawili wamekubali tuwe tunakutana kwenye jiwe la juu kila siku. Nimejaribu pia zoezi la ngazi kwa kandambili, na kamba ya kushoto ikakatika hatua ya saba, kwa hiyo natafuta viatu vya kufunga. Limebaki jambo moja. Sauti yangu haitoki. Nyumba ni ya kupanga, na nikijifunza kupiga yowe chumbani wapangaji wenzangu watatoka na marungu.

JudoNyegezi:
Nenda ufukweni siku ya upepo, ulielekee ziwa, na uanze na neno "Acha!" likitokea tumboni. Wavuvi watakushangaa siku ya kwanza tu.

MzeeWaLindo:
Marahaba. Wapangaji nao waambie mapema, kwa sababu hao wenye marungu ndio unaowahitaji.