Khaleesi au Shija? Wadau nisaidieni kabla sijajifungua

mama_pacha (Ipuli, Tabora)
Habarini wadau. Mimi ni Muha wa Kasulu nimeolewa na Mnyamwezi wa Sikonge, tuna mapacha Kulwa na Dotto wana miaka minne na nusu, saivi nina mimba ya wiki 36 na kwenye utrasaundi wamesema ni wa kike. Sasa enzi za uchumba mi na mume wangu tulikuwa tunaangalia Game of Thrones, ile tamthilia ya Kizungu, laptopu ya kuazima imewekwa juu ya ndoo, umeme ukikatika tunabaki gizani tunabishana nani atakalia kile kiti cha mapanga. Nilimpenda sana yule dada wa madragoni, Khaleesi, kaka yake kamuuza kama mbuzi afu akaja kusimama mwenyewe. Nikasema nikipata binti ndo jina lake na mume akakubali, sijui yalikuwa mapenzi au usingizi. Walivyokuja mapacha sikubisha, majina yao yalishajipanga.

Juzi mama mkwe kaja na dumu la asali na karanga, nikamtajia. Hakugomba wala nini, kasema tu, "Mwanangu, anayefuata mapacha ni Shija. Huyo hachaguliwi jina, anakuja nalo." Mume toka siku hiyo anajifanya yuko bize na simu. Nifanyeje jamani?

Asali_Pori
Hongera dada, ila Shija hulikwepi. Mwandike unavyotaka kwenye cheti, akikanyaga Sikonge tu ni Shija, na atakayemfuata yeye ni Kashindye, nae keshapata la kwake hata mimba haijatungwa. Huku kwetu jina ni taarifa, linasema mtoto katukuta na nini, wa mvua ni Mabula, wa njiani Njile.

Afu kingine, Khaleesi sio jina, ni cheo. Yule dada anaitwa Daenerys, Khaleesi ni mke wa Khal, kiongozi wa wale wapanda farasi. Ni sawasawa na mzungu aje hapa asikie habari za Mirambo, yule mtawala wetu wa Kinyamwezi, arudi kwao amwite bintiye "Mke wa Ntemi".

mama_pacha
Heee! Miaka yote hii nilijua ni jina.

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)
Mi naongea kama mhanga wa karibu. Kaka yangu anaitwa Rambo, na sio la utani, limo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mzee alizikuta zile muvi za Stallone kwenye mabanda ya video akachanganyikiwa kabisa, akasema mwanangu wa kwanza wa kiume ataitwa Rambo, mama akasema sawa ila siku ya akika shehe ataje Ramadhani. Mwanzoni kaka alikuwa anatamba nalo, watoto mtaani wakicheza vita yeye ni kamanda bila kupigiwa kura, afu ikaingia ile mifuko ya plastiki na nyie wote mnajua nchi nzima tuliiitaje. Unaenda nae soko la Mwanga kununua dagaa, madogo wanapita wanapiga kelele "Rambo hapa, Rambo hapa!" kaka anageuka, kila mara anageuka, mpaka mama akawa anamshika kichwa wanapoingia sokoni. Shuleni wakaacha Rambo wakaanza kumuita Mfuko. Akakua, akaoa, mambo yakatulia, si ndo ikafika tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Asubuhi ile alipokea meseji 41, tulizihesabu wote tumekaa kibarazani, na karibu zote zinasema "pole kaka, umepigwa marufuku." Mkwe wake nae alituma.

Jina la muvi wewe unalijua leo tu dada, kesho hujui litabandikwa kwenye nini.

Mwl_Chaki
😂😂 Kaka umeniua. Ila msimtishe dada wa watu. Jesika mnawajua wangapi hapo mjini? Jina hilo kwa umbo hilo limeanza kuonekana kwenye tamthilia ya Shakespeare, ile ile ambayo Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapahapa Tabora, aliitafsiri ikatoka 1969 kama Mabepari wa Venisi. Na huyo Jesika mwenyewe sio mfano wa kuigwa, kamtoroka baba yake usiku na mpenzi wake na kasha la pesa na vito. Sijasikia padri amemkatalia mtu ubatizo kwa sababu hiyo. Majina ya kubuniwa yakizeeka hakuna anayeyauliza, tabu ni kwa yule wa kwanza kwanza.

Mi mwanangu nimemwita Adili, nimemtoa kwa Shaaban Robert, kwenye Adili na Nduguze. Kila nikimleta ofisini walimu wenzangu wanauliza Hasidi na Mwivu, wale nduguze waliogeuzwa nyani, nimewafunga wapi na kama nimeshawachapa leo.

dogo_wa_flashi
Dada samahani, uliangalia mpaka mwisho? Maana sizoni ya nane huyo huyo Khaleesi anapanda dragoni anauchoma mji mzima, kengele za kusalimu amri zimeshapigwa, wamama na watoto wamo ndani. Ilikuwa 2019 hiyo, na Marekani kuna wazazi kibao walishawapa mabinti zao jina hilo, wakabaki midomo wazi.

mama_pacha
WEWE!! Sisi tuliishia ya sita, flashi ilikuwa imejaa! Kachoma mji? Na watoto??

binti_Ujiji
Hahaha pole shosti. Mi wasiwasi wangu ni dirishani kwenye vyeti vya kuzaliwa. Jina langu lina herufi nne na wamelikosea mara mbili, kurekebisha ni hati ya kiapo kwa wakili, nenda rudi mpaka soli inaisha. Ukipeleka Khaleesi utatoka na Halisi, shauri yako. Jaribu kwanza kwa mama mkwe, mwambie alitamke.

mama_pacha
Nimejaribu leo jioni, alikuwa anamenya karanga. Nikamtamkia taratibu, Kha-lii-si. Akasema, "Halisi? Mbona hilo zuri, si ungesema hivyo toka mwanzo." Mume aliyekuwa bize na simu alicheka mpaka akatoka nje. Kwa hiyo sasa hivi yupo Shija na yupo Halisi, Khaleesi mwenyewe sijui kaishia wapi, na baada ya habari za huo mji hata hamu imepungua. Kulwa na Dotto wao wameshaamua, kila asubuhi wanakuja kuligonga tumbo, "Shija, umeamka?" Sijui nani kawafundisha, ila namshuku mtu mwenye karanga.

Dogo_wa_flashi wewe sikusamehi, nilipanga kumalizia sizoni mbili zilizobaki kipindi cha arobaini.