Mrejesho: mwalimu niliyeuliza kuhusu utafiti wa picha za ubongo

Niliuliza kama mwalimu wa kusoma na kuandika ana cha kufaidi akishiriki utafiti wa picha za ubongo. Nilienda. Asanteni mlionisukuma.

Kwanza, mashine ya MRI (ile inayopiga picha za ubongo kwa sumaku) haipigi picha ya wazo. Inafuatilia damu yenye oksijeni, nayo huchelewa sekunde kadhaa baada ya seli kufanya kazi. Yale mabaka mekundu kwenye picha za ubongo ni takwimu zilizopakwa rangi tu. Na kelele zake si mchezo! Mtoto anayepimwa anavaa vizibo masikioni, analala tuli. Akijikuna pua, picha imeharibika. Ndiyo maana wanawafanyisha mazoezi kwanza kwenye mashine bandia.

Kilichonikamata ni eneo moja la ubongo, nyuma, upande wa kushoto chini, linaloitikia maneno yaliyoandikwa. Hatuzaliwi nalo likiwa tayari kwa kazi hiyo. Kujifunza kusoma ndiko kunakoliunda. Sasa darasani natumia muda mwingi kuunganisha herufi na sauti, badala ya watoto kukariri umbo la neno zima.

Lakini lililonisaidia zaidi halikutoka kwenye mashine kabisa: kujikumbusha somo daftari likiwa limefungwa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha mwaka 2006 kwa majaribio ya kawaida. Sasa nawapa watoto maswali matatu kabla ya kipindi, bila alama, basi.

Na yule aliyeshauri niwagawe wanafunzi wa "ubongo wa kulia" na "wa kushoto": hapana, ndugu yangu. Pande zote mbili hufanya kazi pamoja.