Maji ya chumvi yamefika digrii 31, feni mbili hazitoshi. Naomba ushauri (Lubumbashi)

Papa Nuru (mwenye uzi)
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, komine ya Kampemba. Nina tangi dogo la samaki wa bahari, sentimita 60 kwa 30, maji kama lita 60. Ndani mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, wale wanaojificha kwenye anemoni (mnyama wa bahari anayefanana na ua), matumbawe laini matatu na konokono wachache. Joto la Oktoba hii mnalijua wenyewe: mvua bado, mabati yanalia mchana kutwa. Maji yalikuwa yanafika digrii 31 saa tisa alasiri. Siku 12 zilizopita nikafunga feni mbili za kompyuta juu ya maji, zile za volti 12, yakashuka hadi 28. Nilifurahi sana. Lakini siku nne sasa samaki wanahema mbiombio na matumbawe yamejikunja kama ngumi, hayafunguki hata nikiwasha taa. Naona ni joto tu, halijaisha. Swali langu: niongeze feni ziwe nne, au ninunue mashine ya kupoza maji? Kuna mtu ananiuzia iliyotumika kwa dola 350, anataka jibu Jumamosi. Usingizi sina. Nisaidieni haraka.

Mama Kivu
Pole sana papa. Sisi huku Goma tuko juu, mita 1,500 hivi, shida yetu ni kinyume cha yako. Mimi nina tangi la maji matamu, yasiyo na chumvi, na usiku umeme ukikatika maji yanashuka hadi 20, samaki wanalala chini kama wagonjwa. Mwaka jana nilipoteza saba kwa usiku mmoja. Tangu hapo nalifunika blanketi kila jioni, watoto wananiuliza kama samaki nao wanaumwa malaria. Jaribu kitambaa chenye maji kuzunguka kioo, labda kitasaidia.

Muzee wa Moba
Kijana, kwa nini unahangaika na bahari ambayo hujawahi kuioga? Tunalo ziwa letu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mimi nimekulia Moba, nimewaona wakilinda mayai ndani ya magamba matupu ya konokono, wengine wanabeba watoto mdomoni. Hawataki chumvi ya kununua, hawataki anemoni. Maji yetu ya bomba hapa Lushi (Lubumbashi) yana chokaa, na wao chokaa wanaipenda. Uza hayo mambo ya bahari, nikuelekeze pa kuwapata.

Papa Nuru
Aksanti muzee, lakini hawa siwezi kuwauza. Nijibuni kuhusu feni na mashine.

Fundi Frigo
Ndugu, kazi yangu ni frigo na klima (mashine za kupoza hewa), na tangi la chumvi nimekuwa nalo miaka sita. Tuanze na kitu kimoja: feni haileti baridi. Feni inafukuza mvuke juu ya maji, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto. Lita moja ikigeuka mvuke inabeba kama kilojuli 2,400. Ukiigawa hiyo kwa saa 24, ni sawa na kuondoa joto la wati 28 usiku na mchana. Ndiyo sababu feni mbili zinazokula wati tatu tatu zimeweza kukushushia digrii tatu, hasa sasa hewa ya Lushi ikiwa kavu. Nijibu haya: feni zinapuliza kuelekea wapi? Kifuniko umekitoa? Waya umeupitisha vipi? Tangi linapoteza maji kiasi gani kwa siku? Unaongeza maji gani?

Papa Nuru
Zinapuliza juu ya maji kwa kulalia, siyo wima. Kifuniko cha kioo nimekitoa, nimeweka wavu wa mbu ili samaki wasiruke nje. Waya nimeuachia tumbo chini ya soketi, tone likishuka lidondoke sakafuni. Maji yanapungua kama lita moja na nusu kwa siku. Naongeza kila asubuhi, hilo usijali, sijawahi kusahau hata siku moja. Kwa hiyo unasema feni nne zitafika 26?

Fundi Frigo
Kazi ya waya ni nzuri, wengi hawafikirii hilo. Lakini hujajibu la mwisho. Maji gani?

Mama wa Katuba
Mimi si mtu wa samaki, nimepita tu, lakini dola 350 imenishika koo. Dola 350 kwa kupoza samaki wawili! Papa, una watoto? Mke wako anajua?

Papa Nuru
Mama, kwa heshima yote, sikuuliza habari ya nyumba yangu. Ila kwa sababu umeuliza: ndiyo, ninao wanne. Pesa ni ile ya awamu ya pili ya masomo. Haijafika wakati wa kulipa, na mimi nitairudisha kabla ya Desemba, nina kazi ya rangi inakuja. Mke wangu nitamwambia mashine ikishaanza kufanya kazi. Na nimeshatoa dola 100 ya kushikilia, kwa hiyo kurudi nyuma ni hasara pia.

Mama wa Katuba
Njo vile wanaume wanavyofanya. Umeshaamua, umekuja kututafutia baraka tu. Baba yangu aliuza bati za jikoni anunue redio kubwa, akasema atazirudisha kabla ya mvua. Tulipika chini ya mwavuli miezi mitatu. Pesa ya masomo haiguswi papa, hata kama samaki hao wanaimba.

Fundi Frigo
Papa Nuru, niulize mara ya tatu, usikasirike. Ile lita moja na nusu ya kila asubuhi: ni maji matamu au ya chumvi?

Papa Nuru
Ya chumvi, ndugu! Hao ni samaki wa bahari, nitawawekeaje maji matupu? Napima kwa uangalifu, gramu 35 kwa kila lita, nakoroga usiku kucha kwa pampu ndogo kabla ya kumimina. Aliyeniachia tangi aliniambia kila maji yanayoingia lazima yawe na chumvi sawasawa.

Fundi Frigo
Hapo ndipo tulipokuwa tunapatafuta. Sikiliza polepole. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Angalia sufuria ya bukari (ugali) maji yakikauka na chumvi ndani, chumvi inaenda wapi? Inashika ukingo. Tangi lako lilianza na lita 60, gramu 35 kwa lita, yaani gramu 2,100 za chumvi. Kila siku unaongeza lita 1.5 zenye gramu 52.5. Kwa siku 12 ni gramu 630 za zaidi. Jumla 2,730, gawa kwa 60: gramu 45.5 kwa lita. Bahari Hindi ni kama 35. Hata Bahari ya Shamu, yenye chumvi kali, ni kama 40. Kabla ya feni, na kifuniko juu, ulikuwa unapoteza maji kidogo na kosa halikuonekana. Feni zimelifanya liende mbio. Aliyekuachia tangi alisema kweli kuhusu maji ya kubadilisha, yale unayotoa kwa ndoo na kurudisha mapya. Ya kujazia mvuke lazima yawe matamu, bila chumvi kabisa. Ukiweka feni nne na kuendelea hivi, utawaua mara mbili haraka. Ukinunua mashine, utakuwa umepoza maji yenye sumu.

Papa Nuru
Nimesoma mara tatu. Lakini nikubali vipi? Matumbawe yalikuwa yanashtuka na joto hata kabla. Na digrii 28 bado ni juu, nimeona wanasema 24 hadi 27. Mashine itasaidia tu, haiwezi kudhuru. Hidromita, kile kipimo cha chumvi, niliyokuwa nayo ilianguka ikavunjika siku ninafunga feni, kwa hiyo siwezi kuhakikisha hizo hesabu zako.

Binti wa Kemia
Niruhusuni kidogo, niko mwaka wa tatu wa kemia. Kuhema kwa samaki kuna maelezo zaidi ya moja. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na maji yenye chumvi nyingi hushika kidogo zaidi. Halafu Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Msukumo wa hewa hapa umepungua kama asilimia 13, na oksijeni inayoingia majini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Samaki wako wanabanwa pande tatu. Leo hii elekeza pampu juu ili uso wa maji utikisike, hiyo haina gharama.

Shofere wa Kasumba
Samahani wakubwa, mimi naendesha gari kubwa Dar hadi Kasumbalesa, na kuna kitu hakinikai. Samaki wa bahari Kampemba? Mimi naijua hiyo barabara. Mpakani Tunduma tu unaweza kulala siku mbili, Kasumbalesa usiseme. Samaki gani anakaa kwenye mfuko wiki nzima akafika anacheza? Tena kipimo kimevunjika siku ile ile tunayokihitaji. Na mtu anauza mashine ya kupoza tangi la bahari, Lubumbashi hii, kwa bahati tu, na lazima jibu Jumamosi? Huu uzi umetungwa. Kesho atasema samaki wamekufa tumchangie.

Mama wa Katuba
Uwongo tena? Mimi nimekwisha kumwombea!

Mama Kivu
Kweli picha hakuna hata moja. Papa, tuonyeshe basi.

Muzee wa Moba
Nilisema tangu mwanzo, samaki wa ziwa hawahitaji hadithi ndefu.

Papa Nuru
Nimeumia kusoma hivi. Sikuomba pesa ya mtu na sitaomba. Hawakuja kwa gari. Nilikuwa napaka rangi nyumba ya mhandisi mmoja wa mgodini. Samaki aliwaleta kwa ndege. Mkataba wake ulipoisha Agosti hakuweza kuondoka nao, na kwa sababu kila siku nikipumzika nilikuwa nakaa mbele ya tangi lile, akanipa pamoja na mifuko miwili ya chumvi. Mashine inauzwa na mlinzi wake. Bosi alimwachia, ndiyo bahati mnayoisema. Mtoto wangu wa mwisho hasemi vizuri, ana miaka minne. Neno la kwanza alilolitamka sawasawa ni jina alilompa samaki mkubwa. Ndiyo sababu siwezi kuwauza, na ndiyo sababu nilishika pesa ya masomo. Picha nitaweka umeme ukirudi, simu iko asilimia sita.

Fundi Frigo
Shofere, shaka yako naielewa, lakini jambo hili linapimika, kwa hiyo tusibishane. Papa Nuru, tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Chukua chupa moja ya nusu lita. Weka maji ya bomba, maji mapya uliyochanganya gramu 35 kwa lita, na maji ya tangi, kila moja kwenye chombo chake, yalale chumba kimoja yawe na joto moja. Asubuhi pima kwa chupa ile ile, jaza hadi mstari ule ule, toa uzito wa chupa tupu. Maji yenye chumvi zaidi ni mazito zaidi. Tuletee namba tatu. Na kesho asubuhi, tafadhali, usiongeze chumvi.

Bidoni Moja
Maji matamu achukue maji ya betri pale kituo cha mafuta, ni safi kabisa.

Fundi Frigo
Hapana! Kuna yanayouzwa kwa jina hilo yakiwa na asidi ndani. Usiguse. Chukua maji yaliyochujwa ya bidoni. Yakikosekana, ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini ipungue.

Papa Nuru
Nimerudi. Jirani anayeoka keki ameniazima mizani. Bomba: gramu 499. Maji mapya ya chumvi: 512. Tangi: 516. Picha hii hapa, mizani na chupa na samaki nyuma yake. Niambieni maana yake, mikono inatetemeka.

Binti wa Kemia
Kutoka 499 hadi 512 ni hatua 13 kwa chumvi ya gramu 35 kwa lita. Kutoka 499 hadi 516 ni 17. Kumi na saba gawa kwa 13, zidisha kwa 35: karibu 46. Fundi alisema 45.5 bila kuliona tangi.

Shofere wa Kasumba
Papa Nuru, nisamehe. Namba hizo mtu hazitungi. Nikipita Lushi wiki ijayo ningependa kuwaona hao samaki kwa macho, kama utanikubalia.

Fundi Frigo
Sasa usikurupuke. Usishushe kwa siku moja, konokono na matumbawe hawatavumilia. Kila siku toa lita mbili na nusu za maji ya tangi, rudisha kiasi hicho cha maji matamu, polepole, tone kwa tone kwa mpira mwembamba. Kwa siku sita hivi utafika 35. Juu ya hapo, jazia mvuke kwa maji matamu hadi alama utakayochora kwenye kioo. Feni mbili zinatosha. Umeme ukikatika, zifunge kwenye betri ya pikipiki, ni volti 12 hizo hizo. Zifute kila wiki kwa kitambaa chenye maji matamu, chumvi inakula chuma. Na mvua zikianza Novemba, hewa itakuwa na unyevu, feni zitapunguza nguvu, lakini na joto litakuwa limepungua.

Papa Nuru
Siku ya tano. Kuhema kumepungua. Tumbawe moja limefunguka asubuhi hii, mawili bado. Maji 27 na nusu saa tisa. Mtoto amekaa mbele ya kioo tangu saa moja.

Mama wa Katuba
Nimefurahi papa. Na ile dola 100?

Papa Nuru
Nimeenda jana. Amenirudishia 60, nyingine ameshakula. Mke wangu nimemwambia usiku ule ule. Amenyamaza muda mrefu, halafu akauliza maji ya bidoni tununue mangapi kwa wiki.